Masharubu na Diski ya Tano

Masharubu ya Muwaffaq yalikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na katika mtaa wao wa Mosul, upande wa kushoto wa mto, yalijulikana kuliko mwenyewe. Inasemekana mwaka mmoja, baridi ilipoanza kukatika, shomoro wawili waliyazunguka asubuhi nzima wakitafuta pa kujenga, na Muwaffaq akakaa kimya kitini asiwavunje moyo. Kwa hiyo siku aliyoyashika kwa vidole viwili mbele ya watu tisa, kwenye duka la Jarjis kinyozi, akaapa kwayo, hakuna aliyecheka. Hata feni ilionekana kupunguza mwendo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani. Yeye na Ghazwan, kaka wa mkewe, walianza kucheza gemu pamoja wakiwa vijana, kwa mashine iliyokuja kutoka Kuwait ndani ya gunia la mchele, wakiipuliza kaseti yake ikigoma. Walikuwa wakigombania pedi tangu kabla ya Muwaffaq kuoa. Sasa Muwaffaq alikuwa mstaafu wa maabara ya kiwanda cha saruji, ana miaka sitini na mmoja, na jioni zake zote zilikuwa za gemu. Ghazwan ndiye aliyegeuza mchezo kuwa riziki: alikuwa na duka la gemu ukuta kwa ukuta na kinyozi, na juu ya paa la nyumba yake ulisimama mnara uliogawa intaneti kwa nyumba arobaini za mtaa.

Lakini Ghazwan siku hizi hauzi diski. Anauza nusu. Anachukua gemu moja iliyonunuliwa kwa akaunti moja, anawapa watu wawili wasiojuana, huyu nusu ya kwanza, yule nusu ya pili. Wa nusu ya pili hawezi kufungua bila intaneti, na mmoja wao akifanya upuuzi, wote wawili wanabaki nje ya mlango. Biashara hiyo Muwaffaq hakuweza kuivumilia.

"Shemeji, mtu ananunua nusu ya kitu asichokiona, pamoja na mtu asiyemjua, kutoka kwa kampuni isiyomjua yeye," alisema Jumamosi ile, povu limemjaa shavuni. "Hata ndoa za siku hizi zina heshima kuliko hiyo."

"Wewe bado uko kwenye kaseti, Baba Rafal," Ghazwan alijibu kutoka kiti cha kusubiri. "Dunia imehama. Diski siku hizi ni sahani ya kuwekea istikani ya chai."

"Gemu ni kitu! Unakishika. Unamwazima jirani, anakirudisha na mikwaruzo, mnagombana, mnapatana. Hicho chako kiko wapi? Kampuni ikiamka vibaya ikafunga duka lake huko iliko, wateja wako watashika nini? Hewa? Na gemu zenyewe wanazitoa mbichi, halafu wanakuambia subiri, tutaipika ukiwa mezani. Zamani gemu ikitoka imetoka. Ikiwa na kasoro, tuliizoea ile kasoro, tukaipa na jina."

Mwalimu Nadhir, aliyekuwa akisoma gazeti la juzi, akacheka puani.

"Miaka ile mitatu ya bendera nyeusi," Muwaffaq akaendelea, akiinua kidole, "ambapo mtu aliweza kuchapwa kwa kosa la kuwa na redio, diski zangu zilikaa wapi?"

"Kwenye pipa la achari," watu wakajibu kwa pamoja kama darasa.

"Na zilipotoka?"

"Zilinuka siki."

"Zilinuka siki, na zikacheza! Haya, nusu zako hizo, Baba Haitham, utazizika kwenye pipa gani?"

Duka zima likacheka, na Ghazwan akaona aibu. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye akauliza polepole, "Ile ya tano unayo?"

Kila mtu alijua ya tano ni nini. *Ngome za Chumvi* ilikuwa gemu ya maisha ya Muwaffaq. Ya kwanza aliicheza kwenye kaseti, ya pili na ya tatu ndizo zilizonuka siki, ya nne ilimaliza macho yake. Ya tano alimtuma mpwa wake amnunulie Arbili, diski halisi, bado imefungwa nailoni yake, naye alikuwa akiitunza kama mtu anayetunza embe hadi liive.

"Ninayo. Iko kabatini."

"Nakwambia haitacheza bila intaneti."

Hapo ndipo vidole viwili vilipopanda. "Ijumaa ijayo, baada ya alasiri, hapahapa. Naleta mashine yangu na diski yangu. Hakuna waya, hakuna mnara, hakuna baba yake mnara. Ya tano ikikataa kufunguka, Jarjis aninyoe haya. Ikifunguka nikavuka lango la kwanza, akunyoe wewe."

Ghazwan akayagusa ya kwake, membamba lakini ya miaka mingi vilevile. "Nimekubali."

Muwaffaq alitembea kwenda nyumbani kifua mbele. Mkewe alikuwa barazani akikanda bulguri ya ngano kwa ajili ya kubba zilizojazwa nyama, kubba za Mosul zile pana kama sahani, na mbele yake kulikuwa na rundo la kutosha kikosi.

"Umeapa nini huko?" Mama Rafal akauliza. Habari ilikuwa imemtangulia kwa simu tatu.

"Jambo dogo na kaka yako. Masharubu."

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Na posa ya mwanao ni lini, Baba Rafal?"

Muwaffaq akasimama mguu mmoja ndani mmoja nje. Posa ilikuwa Jumamosi, kesho yake. Haji Dhanun, baba wa kijana aitwaye Sarmad, muuza nafaka anayeheshimika soko zima, angekuja na wazee ishirini kumposea mwanawe huyo binti yao Rafal, na yeye Muwaffaq ndiye angekaa katikati ya ukumbi, uso wake ukitazamwa na macho arobaini. Baba mwenye mdomo mtupu siku ya posa! Wangesema kafiwa. Wasipoona msiba, wangesema kavunjiwa heshima na mtu, nani, kwa sababu gani, na tunaoa kwa watu gani hawa? Kubba zote zile zingeliwa kimyakimya, na kimya cha wageni ni kibaya kuliko matusi.

"Diski ni diski," akamwambia mkewe. "Itacheza."

Lakini hakula mchana ule. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akachana nailoni kwa kucha, akachomoa waya wa intaneti, akaisukuma diski ndani ya mashine. Ikazunguka kwa sauti tamu. Picha ya ngome ikatokea. Halafu maandishi.

Sehemu ya gemu haimo kwenye diski hii. Unganisha intaneti kupakua gigabaiti tisini na nne.

Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Maneno yaleyale. Akazima mashine, akawasha, akaipigapiga ubavuni kama walivyofanya enzi za kaseti. Aliipuliza hata diski, mzee mzima. Kampuni ilikuwa imemuuzia boksi zuri, nailoni nzuri, na ndani yake ufunguo wa nyumba iliyoko kwingine.

Akakaa kitandani. Si masharubu tu yaliyomsumbua. Miaka mingi alikuwa akiwaambia watu kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimekufa bila yeye kupewa habari za msiba.

Ndipo lilipomjia wazo ambalo alilichukia tangu lilipoingia mlangoni. Kiapo kilisema Ijumaa pasiwe na waya wala mnara. Hakikusema lolote kuhusu siku zilizo kabla ya Ijumaa. Mashine ingeweza kula nyumbani, ikaenda kwa kinyozi imeshiba, na nani angeipima tumbo? Aliurudisha waya, akabonyeza pale alipokuwa ameapia miaka yote hatabonyeza. Mstari mwembamba ukatokea chini ya kioo. Asilimia sifuri.

Siku zilizofuata Muwaffaq hakuwa mtu. Umeme wa serikali ulikuja kwa saa mbili ukaondoka kwa saa nne, na kila ukibadilishana zamu na jenereta ya mtaa, mashine ilizimika na upakuaji ukakatika. Kwenye jenereta nyumba yao ilikuwa na ampea nne tu. Mashine, friji na kipoza hewa havikuweza kukaa pamoja, na ilikuwa Juni, joto la kukaanga yai kwenye boneti ya gari. Mzee mmoja wa mtaa huo huapa kuwa wiki ile alimwona kuku akitaga yai la kuchemsha. Muwaffaq akachomoa kipoza hewa. Jumatatu asubuhi, asilimia kumi na moja. Akachomoa friji.

"Kubba zangu!" Mama Rafal akapiga kelele kutoka jikoni. "Baba Rafal, nani kachomoa friji? Nina kubba mia mbili humu!"

"Jenereta inakohoa, mama."

"Jenereta haikohoi. Wewe ndiye unakohoa, na unakohoa kila ukisema uongo tangu uliponioa!"

Rafal mwenyewe akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akautazama ule mstari kwenye kioo. Alikuwa mhandisi, hakuhitaji kuelezwa.

"Baba. Unapakua?"

"Funga mlango."

"Wewe? Unapakua?"

"Nimesema funga mlango, mwanangu, joto linaingia."

Akafunga, lakini alimsikia akicheka ukumbini, kisha akamsikia mama yake naye akicheka, kisha wote wawili wakinyamaza ghafla, wamekumbuka Jumamosi.

Jumanne asilimia kumi na tisa. Aliandika hesabu nyuma ya risiti ya duka la dawa: kwa mwendo ule mashine ingeshiba baada ya siku kumi na zaidi. Akaanza kuamka alfajiri kuutazama mstari kama watu wanavyotazama kipimajoto cha mgonjwa. Masharubu aliyachana mara tano kwa siku. Usingizini alijiona amekaa mbele ya Haji Dhanun, na kila akifungua mdomo kusema karibuni, sauti inayotoka ni ya mtoto mchanga.

Jumatano Ghazwan akaja kunywa chai. Hiyo haikuwa ajabu, kwa dada yake huja kila wiki. Alikaa, akakoroga sukari mpaka kijiko kikachoka.

"Vipi, shemeji, intaneti inakwendaje kwenu?"

Moyo wa Muwaffaq ukadondokea kwenye istikani. Mnara! Mungu wangu, mnara! Alikuwa ameficha waya, ameficha mashine, ameficha mpaka boksi, na wakati wote huo kila tone la gigabaiti zile lilipita kwenye paa la Ghazwan. Kwenye simu ya Ghazwan kulikuwa na orodha ya nyumba arobaini na kila nyumba inavuta kiasi gani. Alikuwa amewahi kumwonyesha, wakacheka pamoja juu ya mzee fulani aliyekuwa akitazama mapishi mchana kutwa. Hata akitaka kuhamia kwa jirani, jirani yuko mnara uleule.

"Sijui," akasema. "Sisi hatutumii sana. Rafal kidogo."

"Aa. Maana naona mtaa unavuta sana wiki hii."

"Joto. Watu wako ndani."

"Joto," Ghazwan akakubali. Akanywa. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Kisha, bila kuulizwa, akasema kitu ambacho Muwaffaq hakukitarajia. "Leo wamekuja wanne dukani, Baba Rafal. Akaunti moja imefungwa. Kampuni haikusema kwa nini. Nimewaandikia, imenijibu mashine, inaniambia asante kwa uvumilivu wako. Nifanye nini? Niwaambie nini wale? Mmoja alikuwa na gemu kumi na moja humo."

Siku nyingine Muwaffaq angeruka juu ya kiti. Si nilikwambia! Lakini akasikia mashine ikizunguka nyuma ya mlango.

"Pole, shemeji," akasema tu.

"Nina duka la hewa," Ghazwan akasema, akasimama. "Wewe angalau una mapipa."

Alhamisi asubuhi, asilimia thelathini na nane. Muwaffaq alijitazama kwenye kioo cha bafuni na kwa mara ya kwanza akafunika masharubu kwa kiganja, aone atakavyokuwa. Akakiondoa haraka. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Alifikiria kuiangusha mashine ngazini. Kidogo ampigie Haji Dhanun waisogeze posa mbele kwa wiki moja, akakumbuka kwamba tayari kondoo wawili walikuwa wamefungwa kwa jirani na kadi zimeshakwenda mpaka Dohuk.

Adhuhuri, alipokuja kuutazama mstari akitarajia arobaini, akakuta hamsini na sita. Akakaa chini. Hamsini na saba. Hamsini na tisa. Ule mstari, uliokuwa ukitambaa kama konokono tangu Jumamosi, ulikimbia kama unafukuzwa na mbwa. Umeme wa serikali nao, kwa bahati isiyotokea tangu baba zao wakiwa vijana, ukakaa mchana kutwa. Kabla ya magharibi, mia. Muwaffaq alisujudu pale zuliani, kisha akaona haya kusujudu kwa jambo kama lile, akajifanya anatafuta kandambili.

Ijumaa duka la Jarjis lilifurika. Wengine walisimama juu ya makreti nje ya dirisha. Mashine ikawekwa chini ya kioo kikubwa, ikaunganishwa kwenye televisheni ya kinyozi. Jarjis mwenyewe akazunguka akihakikisha hakuna waya mwingine, akamfanya Muwaffaq azime simu.

"Diski!" mtu akapaza sauti.

Akaiinua juu ili ionekane, akaisukuma ndani. Mikono ilimtoka jasho hata pedi ikawa kama samaki. Vipi kama kuna kipande kingine kimesahaulika? Vipi kama itaomba salamu kwa kampuni? Ngome ikatokea. Ikakaa. Ikakaa sana. Kisha muziki, na mlinzi wa chumvi akasimama jangwani na panga lake, na duka zima likalipuka kwa makelele.

"Allahu akbar, bado hajavuka lango!" Mwalimu Nadhir akakumbusha.

Akavuka. Miaka yote ile haikupotea bure. Alivuka bila kuguswa. Watu wakambeba. Na Ghazwan, bila neno, akatoka kwenye ukuta aliouegemea, akaenda akakaa kwenye kiti, akainua kidevu. Jarjis akampaka povu.

"Kabla hujanyolewa, Baba Haitham," Mwalimu Nadhir akasema, "mnara wako ulikuwa na nini jana? Toka kabla ya adhuhuri mpaka karibu na magharibi mtaa mzima hatuna intaneti. Nilikuwa naongea na mwanangu yuko Uswidi, akanigandia mdomo wazi saa sita nzima. Nikadhani kapooza."

"Hata kwetu," mwingine akasema. "Na kwetu!"

"Matengenezo," Ghazwan akasema chini ya povu, macho ameyafumba.

Pedi ikamponyoka Muwaffaq mkononi. Nyumba thelathini na tisa zilikuwa zimefungiwa, ili mnara mzima umiminikie nyumba moja. Akamtazama Ghazwan kwenye kioo. Ghazwan akafumbua jicho moja, akamtazama pia, akalifumba. Wembe ukapita. Wakati wa kusema ulikuwa ule, na Muwaffaq aliujua kama mtu anavyojua basi linapita mbele yake. Halikusimama, wala yeye hakulipungia. Mdomo wa juu wa Ghazwan ukatokea, mweupe, mdogo, kama kitu kisichotakiwa kuonekana mchana, na watu wakaupigia makofi.

Njiani Muwaffaq akamdaka mkono. "Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Ghazwan."

"Mimi ni mjomba tu, Baba Rafal," Ghazwan akasema, akijishika mdomo kama anayeumwa jino. "Kesho watautazama uso wako. Wangu nani anaujali? Nenda kapumzike, kope zimekuvimba."

Jumamosi wakaja. Haji Dhanun na wazee ishirini na watatu, majoho, marashi, tasbihi. Muwaffaq alikaa katikati, masharubu yamepakwa mafuta, kila unywele mahali pake. Kulia kwake Ghazwan, na mdomo wake mtupu. Kahawa chungu ikamiminwa. Haji Dhanun akapokea kikombe, akakiweka chini bila kukigusa, kama ilivyo ada.

"Kahawa yenu hatuinywi, Baba Rafal, mpaka tupewe tulichokijia. Tumemjia binti yenu kwa ajili ya mwanetu Sarmad."

Vikombe ishirini na vitatu vingine vikawekwa chini. Muwaffaq alitakiwa kusema neno moja: kunyweni. Alivuta pumzi alitamke, na hapo ami yake Sarmad, mtu mnene mpenda mzaha, akanong'ona kwa sauti ya kusikika msikiti wa pili, "Huyu mjomba vipi? Kaja na mdomo wa mtoto wa kunyonya." Safu nzima ya wageni ikatikisika kwa kicheko. Ghazwan naye akacheka, akainamisha kichwa.

Neno likamkwama Muwaffaq. Sekunde zikapita, kisha dakika. Wageni wakaacha kucheka. Nyuma ya pazia la jikoni sufuria ziliacha kugongana. Haji Dhanun akabadilika rangi. Baba anayenyamaza mbele ya kahawa anakataa.

"Baba Rafal," Haji akasema taratibu, "kuna neno limekufika kuhusu sisi?"

"Hapana, Haji. Kuna neno kuhusu mimi." Sauti yake ilitoka kama ile ya ndotoni. "Huyu mnayemcheka amenyolewa kwa uongo wangu."

Akalisema lote. Kiapo, diski, gigabaiti tisini na nne, friji, mnara. Akasema alishinda kwa kufanya kitu kilekile alichowaapia watu kuwa hakihitajiki, na kwamba shemeji yake aliliona hilo akakubali kuaibika ili yeye asiaibike mbele ya wageni hawa. "Sasa mnajua mnaoa kwa nani. Mkitaka kuondoka, siwalaumu." Alisema hivyo bila kulitazama lile pazia, kwa sababu nyuma yake alikuwepo Rafal.

Haji Dhanun alizungusha tasbihi mara moja nzima. Muuza nafaka hafanyi haraka.

"Hiyo diski," akauliza mwishowe, "uliuziwa kama gemu nzima?"

"Nzima, Haji."

"Kwa bei ya nzima? Na boksi limeandikwa ni gemu?"

"Limeandikwa."

"Na ndani kuna kipande."

"Kipande kidogo."

Haji akawageukia wazee wake. "Mimi nikimuuzia mtu gunia la bulguri, akifungua akakuta vikombe viwili na karatasi inayomwambia mengine kayachukue Basra, mtanifanya nini sokoni?"

"Tutakuvalisha hilo gunia," wazee wakasema.

"Basi mwizi katika kisa hiki hayumo humu ndani." Akasogeza kidole karibu na kikombe, hakukigusa. "Lakini kiapo ni kiapo, Baba Rafal. Baghdad wanatusema watu wa Mosul tunabania kila kitu. Wasije wakasema tunabania hata masharubu."

"Jarjis!" Muwaffaq akaita.

Jarjis alikuwepo, safu ya wenyeji, na kinyozi yule hata peponi hatakwenda bila wembe mfukoni. Maji ya moto yakachukuliwa kwenye birika la chai, povu likapatikana kwa sabuni ya kuogea, na pale katikati ya ukumbi, wazee arobaini wakishuhudia, masharubu ya miaka thelathini na minane yakashuka kwenye taulo la wageni. Mmoja wa wazee aliondoa kofia.

"Sasa," Haji Dhanun akasema, "tumepewa au hatujapewa? Kahawa imepoa."

"Mmepewa, Haji, mmepewa, kunyweni!" Povu lilimwingia mdomoni, akakohoa, na vigelegele vikapasuka jikoni kabla hajamaliza. Wakanywa kahawa baridi, chungu kama dawa, na wote wakasema haijapata kunywewa tamu kama ile. Rafal akaletwa na sinia ya halua. Alipowaona baba na mjomba wamekaa bega kwa bega na midomo miwili iliyomenywa, sinia ikaanza kumtetemeka, ikabidi Sarmad aidake, na hilo nalo wazee wakalihesabu kuwa dalili njema.

Kelele zilipokuwa juu kabisa, Ghazwan akamwinamia shemeji yake sikioni.

"Ile ya tano imetoa masahihisho tangu alfajiri. Gigabaiti kumi na mbili. Bila hizo, lango la pili halifunguki."

"Nani kasema? Lango la pili nitalivuka na diski yangu kama ilivyo! Naapa kwa..." Muwaffaq akapeleka vidole viwili juu ya mdomo, akakuta hakuna cha kushika.